Bei Itashuka

"Imepanda," alisema Baba Pacha, simu mkononi, chai ikimpolea mbele yake. "Lakini msishtuke. Inapanda ili ishuke."

Mama Pacha hakushtuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya kompyuta, kiganja amekibandika ubavuni mwa boksi lake kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Boksi lilichemka. Kwenye kioo, sebule ya hosteli ilikuwa imeiva upande mmoja tu: ukuta, dirisha, nusu ya kochi. Upande wa pili ulikuwa chengachenga tupu, kama mchanga uliomwagwa mezani. Picha hiyo aliianzisha jana asubuhi.

"Ikishuka uniambie," akasema bila kugeuka.

"Nitakwambia. Kwani kazi yangu ni ipi nyingine?"

Lilikuwa neno la mzaha, lakini lilipotoka likabaki pale mezani, kati ya birika na mkate, na hakuna aliyeligusa. Kiwanda cha magodoro alichokitumikia Baba Pacha kilikuwa kimefungwa. Kule alikuwa mnunuzi wa kiwanda kizima, mtu wa kuamua sponji inunuliwe lini na kitambaa kiachwe mpaka lini, na wakubwa walimsifu kwamba hajawahi kununua kitu siku mbaya. Sasa duniani kote alikuwa na kitu kimoja tu cha kununua, nacho ni kadi ya picha ya kompyuta ya mkewe.

Mama Pacha alichora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu akiwa na kiwanja na ndoto alimletea ramani, naye akamrudishia picha: jua limeingia dirishani, vikombe viko mezani, utadhani wenyewe wamehamia juzi. Kuchora alichora kwa mkono wake. Ila kukokotoa mwanga, unaangukia wapi na kivuli cha mguu wa kiti kinalala vipi, hiyo ni kazi ya mashine, na watu wa fani yake huiita kupika. Kompyuta yenye kadi ya picha huipika picha wewe ukiwa umekwenda kunywa maji. Isiyo na kadi nayo hupika, lakini ni sawa na kuifulia shule nzima nguo kwa kikombe.

Kompyuta yake ya zamani ilimfia katikati ya kazi. Hii mpya aliinunua kipande kipande kwa akiba yake, na kilipobaki kipande kimoja, kilicho ghali kuliko vyote, akiba ikawa imeisha. Hapo ndipo mumewe aliposimama mbele ya mama yake na watoto akasema, "Kadi niachieni mimi." Alikuwa na kiinua mgongo chake, hajakigusa. Siku hiyo Mama Pacha alitokwa na machozi ya furaha. Kisha kukaanza kungojea bei.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," alisema Bibi, mama yake Baba Pacha, aliyekuwa akiwafunga mabinti pacha vifungo vya sare za shule.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Methali unazo, mwanangu. Kadi je?"

Pacha wakacheka, na Mama Pacha naye kicheko kikamponyoka. Baba Pacha hakucheka. Aliinua kikombe, akakuta chai imepoa, akainywa hivyo hivyo.

*

Jumamosi walikwenda dukani wote wawili. Muuzaji alikuwa bwana mnene, miwani ameitundika kifuani kwa kamba, na aliwajua, maana hii haikuwa safari yao ya kwanza. Bila kuulizwa akaishusha kadi kutoka rafu ya juu, akafungua kasha, akampa Mama Pacha aishike.

Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri. Ilikuwa na feni mbili nyeusi na harufu ya kitu ambacho hakijawahi kupata vumbi. Akaigeuza taratibu, akapitisha kidole kwenye meno yake ya shaba, pale inapoingia kwenye mashine.

"Hatujaona bei mpya," alisema Baba Pacha.

"Bei ni ile ile ya juzi, bwana. Nawapunguzia kidogo kwa sababu mmekuja tena."

"Kidogo gani? Nasikia toleo jipya linatoka. Likitoka, hizi zitaanguka kama embe bovu."

"Zitaanguka," muuzaji akakubali, hakubisha hata kidogo. "Lini, hapo ndipo nisipopajua. Zinaweza kuanguka mwezi ujao. Zinaweza kupanda kwanza, halafu zikaanguka. Mimi na biashara hii tumezeeka pamoja, na ninachokwambia ni kimoja: anayenunua ya kuchezea, na angoje bei. Mwenye kazi hununua siku ya kazi." Akamgeukia Mama Pacha. "Mtumiaji ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Una kazi mkononi?"

Mama Pacha alifungua mdomo. Alitaka kusema anayo: hosteli ya wanafunzi ya ghorofa nne, picha kumi na sinema fupi ya kutembea ndani yake, na mkandarasi anazitaka Ijumaa ijayo ili awaonyeshe watu wanaomkopesha fedha za kujengea. Alitaka kusema ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Kazi zipo tele," mumewe akamjibia. "Hatuna haraka."

Wakavutana. Muuzaji alipunguza, Baba Pacha akataka apunguziwe zaidi. Muuzaji akapunguza tena, na Baba Pacha, badala ya kufurahi, akaona kumbe bado kuna nafasi. Mwisho yule bwana akavaa miwani, akanyoosha mkono, akaichukua kadi mikononi mwa Mama Pacha kwa upole, kama mtu anayemchukua mtoto wake kutoka kwa mgeni.

Nje, kabla hawajafika hata kona ya mtaa, Baba Pacha alisema, "Umetuharibia."

"Mimi?"

"Ulivyoikumbatia ile kadi! Muuzaji akishaiona njaa yako machoni, bei haishuki tena. Miaka yote kiwandani sijawahi kushika bidhaa kabla ya kukubaliana."

"Nisamehe," akasema, na neno lilipotoka akalichukia. Walitembea kidogo. "Sikiliza, Baba Pacha. Wenzangu wa kikundi cha akiba wanaweza kunikopesha. Ninunue sasa, nilipe kidogo kidogo kwa pesa ya hosteli. Yako ibaki kama ilivyo."

Baba Pacha alisimama katikati ya njia hata mtu aliyekuwa nyuma yao akamgonga bega. "Mke wangu akakope kitu ambacho fedha yake ninayo mimi? Watu watasema nini?"

"Watu gani?"

"Watu!" Akaendelea kutembea. "Wiki mbili tu. Utakuja kunishukuru."

*

Jumanne mchana umeme ulikatika.

Mama Pacha alikuwa na picha tatu zilizokwisha, na ya nne, ukumbi wa kulia chakula, ilikuwa imebakiza kona moja ya dari. Kulisikika mlio mdogo, kisha feni zikapunguza mbio, zikanyamaza. Kwenye kioo cheusi akaiona sura yake mwenyewe, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

Picha inayopikwa ikikatika huanza upya. Hilo alilijua, hata hivyo aliendelea kukaa pale mikono mapajani, kama anayengoja mtu aje kumwambia kwamba safari hii haitakuwa hivyo. Halafu hasira zikampanda. Akainuka, akapita jikoni, akaenda uani kumtafuta mumewe. Safari hii angemwambia yote, tena kwa sauti, majirani wasikie wakitaka.

Alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mgongo kwake. Alikuwa anatazama simu. Mama Pacha alijua atakuwa anapekua bei, kwenye yale makundi ya wauzaji anayoshinda humo kutwa. Haikuwa bei. Ulikuwa ujumbe wa benki, ule wa siku kiinua mgongo kilipoingia. Aliusoma, akazima simu, akakaa. Akaiwasha, akausoma tena. Kidole gumba chake kilipita taratibu juu ya zile tarakimu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu.

Mama Pacha akasimama pale pale nyuma yake. Ndipo alipoelewa kwamba bei hata ingeshuka kesho, mumewe angetafuta kesho nyingine. Fedha ile ikitoka, hatabaki kuwa mnunuzi anayesubiri siku nzuri. Atakuwa mtu asiye na kazi, amekaa kizingitini.

Angeweza kulisema hilo. Mke mwingine angelisema. Yeye alirudi ndani kwa ncha za vidole, akakaa mbele ya kioo cheusi kungoja umeme, na baadaye, kila alipolifikiria jambo hili, hapo ndipo alipojilaumu kuliko pengine pote. Alimwonea huruma siku ambayo huruma ilikuwa ghali.

*

Mkandarasi hakungoja Ijumaa. Alikuja Jumatano jioni, viatu vyake vina saruji kavu, akaingia akiinama ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha.

"Fundi wangu!" akamsalimu Mama Pacha. "Nimepita tu nitazame tulipofika. Wakopeshaji wamenibana."

Bibi alimletea chai. Pacha wakafukuzwa kwenye kochi, wakaenda kusimama mlangoni wakimkodolea macho mgeni. Mama Pacha akamwonyesha picha tatu, na mkandarasi akazisogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema taratibu. "Sasa hii ndiyo hosteli yangu. Hata mimi ningelala humu. Na sinema? Ile ya kutembea?"

"Naiandaa, mzee. Ngoja nikuonyeshe mwanzo wake."

Alibonyeza. Mlango wa hosteli ukatokea, ukaanza kufunguka, ukasita. Ukafunguka tena kidogo. Kisha kila kitu kikaganda, na kamshale kakageuka kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Mkandarasi akanywa chai. Kiduara kikazunguka. Bibi akauliza kama sukari inatosha, mkandarasi akajibu inatosha sana. Mama Pacha akabonyeza tena, akazima, akawasha, akangoja mashine iamke.

"Ina tatizo gani?" mkandarasi aliuliza hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Haina tatizo," akadakia Baba Pacha, aliyekuwa amesimama nyuma ya kochi muda wote huo. "Mashine ni mpya kabisa. Imepungukiwa kadi ya picha tu, na hiyo tumeisimamisha kwa makusudi. Soko limepanda kwa sababu ya uhaba, unajua. Ukinunua leo unamtajirisha mfanyabiashara. Toleo jipya likitoka—"

"Ndugu yangu," mkandarasi akasema, akaweka kikombe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mimi mwenyewe hununua saruji. Naijua bei. Lakini jengo langu halimngoji mtu aliyengojea bei. Ijumaa nikienda mikono mitupu, nimekwisha."

Pacha mmoja akapiga chafya, wa pili akamsonya.

Mkandarasi akamgeukia Mama Pacha. "Fundi, nisamehe. Kuna ofisi kule mjini, ya mama mmoja, wana mashine nyingi. Ukinipa hii michoro yako kama ilivyo, wao watanimalizia kwa siku moja. Wewe nitakulipa ya kuchora. Ya picha watalipwa wao."

Ya picha ndiyo iliyokuwa fedha. Kuchora peke yake hakukutosha hata kumpa mtu sababu ya kuamka. Mama Pacha alimtazama mumewe. Baba Pacha alikuwa anatazama ukuta, mahali palipotundikwa kalenda, macho yameganda hapo kana kwamba kuna tarehe aliyoipoteza.

"Sawa, mzee," Mama Pacha akasema. Akachomeka flashi kwenye kompyuta, akaikabidhi hosteli yake yote, vyumba vyake, vivuli vyake, vikombe alivyovipanga kimoja kimoja juu ya meza.

Mkandarasi alipoondoka, Baba Pacha alisema, "Huyu hakuwa mteja wa kweli. Mteja wa kweli hukusubiri."

Bibi, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisimama. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaenda zake jikoni.

*

Alhamisi asubuhi simu ilimlilia Mama Pacha. Ilikuwa ile ofisi ya mjini. Mwenye ofisi, ambaye wote walimwita Madam, hakuzungusha maneno: michoro ya hosteli ni mizuri, lakini vijana wake wanapotea ndani yake kama kuku kwenye nyumba ngeni. Je, aliyeichora anaweza kuja kusaidia?

Alikwenda. Walimkalisha kwenye meza ya mwisho, karibu na choo, mbele ya mashine iliyokuwa na vumbi kwenye matundu yake. Akaifungua hosteli yake, akaweka mwanga sawa, akabonyeza. Aliinuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Aliporudi, ukumbi wa kulia chakula ulikuwa umeiva wote, mpaka kona ile ya dari.

Alikaa akiutazama. Hakujua alie au acheke. Aliweka kiganja ubavuni mwa boksi, na boksi lilikuwa na uvuguvugu tu.

Kabla jua halijazama, sinema ilikuwa tayari. Mkandarasi alikuja na watu wake, akapita kwenye meza ya mwisho akiwa anacheka na Madam. "Kazi nzuri, dada," akamwambia Mama Pacha. Labda hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Labda kweli hakumkumbuka akiwa amekaa pale. Neno "fundi wangu" hakulisikia tena kutoka kwake.

Madam alimwita ofisini kwake. "Nakutaka hapa," akasema. "Mshahara wa mwezi, mwaka mmoja kwa kuanzia. Lakini ukiwa kwangu, uko kwangu. Kazi za pembeni sitaki, za nyumbani sitaki, hata za shangazi yako. Wateja wako wa zamani utaniletea."

"Naomba nikafikirie, Madam."

"Fikiria hapo hapo. Kuna mwingine nimemwambia aje kesho."

Mama Pacha aliutazama mshahara ulioandikwa. Kwa hosteli moja, kama angeipika mwenyewe, angepata zaidi ya ule wa miezi mitatu. Lakini nyumbani gunia la unga lilikuwa linakaribia kukunjwa, na muhula wa shule ulikuwa mlangoni. Akatia saini.

Nyumbani aliwaeleza wakiwa wamekaa wote. Bibi alisema "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Baba Pacha alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Si mbaya," akasema. "Shikilia hapo kwa muda. Bei ikishuka unarudi kwenye kazi zako."

"Ni mwaka mzima, Baba Pacha."

"Nimesikia. Nasema kwa muda."

*

Na bei ilishuka. Lazima lisemwe hilo, maana ni haki yake: Baba Pacha alikuwa amesema kweli. Toleo jipya lilitoka, kadi za zamani zikajaa madukani, na zikaanguka mpaka karibu nusu ya bei ya ile Jumamosi. Mama Pacha alikuwa na miezi minne kwenye meza ya karibu na choo.

Katika miezi hiyo kiinua mgongo nacho kilikuwa kinayeyuka. Jino la Bibi liling'olewa, bati la jikoni likavuja, viatu vya pacha vikabana. Baba Pacha alichomoa kidogo leo, kidogo kesho, kila mara akisema atarudishia. Siku aliyosimama tena mbele ya yule bwana wa miwani, kilichobaki kilitosha kadi, na nauli ya kurudi.

Mama Pacha alipofika nyumbani jioni alikuta sebule imefagiliwa. Watoto wameogeshwa, Bibi amekaa wima kwenye kiti kama mgeni kwenye harusi. Kompyuta ilikuwa inawaka. Kupitia upande wa boksi uliokuwa wazi, feni mbili nyeusi zilizunguka bila kelele.

"Keti," mumewe alimwambia. Alikuwa amevaa shati lake la kazini, lile la kiwandani, limepigwa pasi. "Keti hapo, ufungue chochote."

Akafungua picha ya hosteli, nakala aliyobaki nayo. Akabonyeza. Walisimama nyuma yake wote. Picha ikaja, chenga zikakimbia kama siafu waliomwagiwa maji, na sebule ikasimama mbele yao, safi, jua kwenye zulia. Pacha wakapiga makofi.

"Karibu nusu ya bei!" Baba Pacha alisema. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo mkewe hakuiona tangu kiwanda kifungwe. "Karibu nusu, Mama Pacha! Na yule bwana mwenyewe amekiri. Amenipa mkono. Amesema, 'Wewe bwana unalijua soko.' Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Nilisema itashuka!"

"Ulisema, mume wangu. Umepatia."

Alitabasamu, akafuta jasho la paji la uso kwa mkono wa shati. "Basi kesho kamwambie Madam wako umepata mashine. Mwambie asante kwa yote."

Mama Pacha aliendelea kutazama kioo. Bibi akawashika wajukuu zake mikono, akawaambia twendeni mkanisaidie jikoni, ingawa jikoni hakukuwa na la kusaidia.

"Nilitia saini," Mama Pacha akasema walipobaki wawili. "Unajua. Kazi ya nje siruhusiwi. Nikivunja, narudisha mishahara ya miezi miwili, na tumeshaila. Na wateja wangu wote nimempelekea yeye. Ndivyo alivyotaka."

"Hata Jumapili? Kimya kimya?"

"Mji huu mdogo kwa kazi yetu. Picha ikionekana tu, wanajua mkono wa nani."

Baba Pacha akakaa kwenye mkono wa kochi. Alitazama zile feni. Mashine ilikuwa haina kazi tena, kwa hiyo zilipunguza mwendo, zikasimama, kama zinavyopaswa.

"Si utani," akasema baadaye sana. "Ni kadi nzuri."

"Ni nzuri sana."

"Tunaweza kuiuza."

"Sasa?" Mama Pacha aliuliza, akajuta papo hapo, maana mumewe alikuwa anaijua bei ya leo kuliko mtu yeyote. Akamshika goti. Wakakaa hivyo mpaka Bibi alipowaita kula.

*

Kompyuta ikawa ya watoto. Pacha walitazama katuni humo, wakagombania kiti, na Baba Pacha akawa anawaamua. Makundi ya wauzaji aliyatoka moja moja, na mchana alianza kulala, jambo ambalo Bibi alimficha mkwewe kama siri ya aibu.

Asubuhi moja ya mvua nyepesi Mama Pacha alipokuwa anatoka, mumewe alimfuata mlangoni, amevaa viatu.

"Nikusindikize."

"Mvua hii?"

"Mvua gani hii."

Alimchukulia mkoba wake, akaushika chini ya koti usilowane. Walipanda basi, wakashuka mjini, na njia nzima hakuwa na neno ila kumwonyesha madimbwi. Walipofika ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo la Madam, alimrudishia mkoba lakini mkono wake haukuuachia.

"Hapo kwenu," akasema. Alikohoa. "Hapo kwenu hawatafuti mtu?"

"Mtu wa kufanya nini?"

"Wa kununua vifaa. Makaratasi, wino." Mkewe alipochelewa kujibu, akaongeza haraka, akitazama magari, "Au hata wa getini. Si lazima iwe kununua."

Mama Pacha alimtazama. Matone yalikuwa yamemsimama kwenye nywele, ambazo siku hizi zilikuwa zinaanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Ofisi ile ilikuwa na vijana saba, Madam, na msichana wa kufagia. Wino aliununua Madam mwenyewe, risiti akaziweka kwenye droo. Geti halikuwa lao, lilikuwa la mwenye jengo.

"Nitamuuliza," akasema.

"Usimwambie ni mumeo. Sema kuna mtu unamfahamu."

Akavuka barabara. Alipanda ngazi, akatundika kitambaa kilicholowa, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Madam kabla ujasiri haujamtoka, akabisha hodi.

"Nini tena?" Madam aliuliza bila kuinua macho.

"Samahani, Madam," akasema. "Kuna mtu namfahamu." Akasita. Kutoka dirishani pale barabara ilionekana vizuri, naye bado alikuwa amesimama kule ng'ambo, mikono mfukoni, akitazama juu, hajui dirisha ni lipi. "Hapana," akasema. "Ni mume wangu."